Kilichozikwa Nyuma ya Bafu

Revelian alikuwa mtu wa kinyaa. Bamia hakula kwa sababu ya utelezi wake. Mayai aliyaacha siku alipovunja moja likatoka na uzi wa damu. Nyama aliiaga mwaka uleule alioajiriwa kwenye maabara ambako kazi yake ilikuwa kukata nyama za watu. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, kisha akainua bilauri dirishani kuyakagua kabla hayajafika mdomoni. Mtaani Temeke walimcheka: Mhaya, mtu mzima, msomi, saa mkononi, anaogopa bamia.

Dunia haikumwonea huruma. Ilimletea uchafu wake hadi mezani. Miaka hiyo hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka kila kona, baada ya serikali kulegeza masharti, na nyingi zilijua kupasua tu. Kikitolewa kitu tumboni mwa mgonjwa, daktari alikuja nacho mlangoni akawaonyesha ndugu: mmeona, hiki ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Ndugu walitazama, wengine wakaziba midomo kwa kanga, kisha wakakabidhiwa chombo wakipeleke wenyewe maabara kubwa mjini kikapimwe. Kwa hiyo kila asubuhi Revelian alipokea chupa za jemu, makopo ya maziwa ya unga, ndoo za mafuta ya kupikia, na ndani yake matiti, matezi, vipande vya utumbo vilivyoelea kama nyanya zilizomenywa. Alivikata, akavikausha, akavizamisha kwenye nta, akavichonga vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akavitia rangi, akampelekea Daktari Felicitas avisome kwa hadubini. Mikono yake ilinuka formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, hata Jumapili. Alisema Komunyo yenyewe ilikuwa na ladha ya formalini.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Alipobaki peke yake aliweka jicho kwenye hadubini, na hapo nyama iliacha kuwa nyama. Ilikuwa zambarau na waridi, kimya, haina harufu. Mara nyingine aliikuta seli imekamatwa katikati ya kugawanyika, nyuzi zake zimeshanakiliwa na sasa zinavutwa huku na huku, nusu kwa nusu, kwa adabu ambayo hakuwahi kuiona kwa binadamu. Angeweza kuitazama mpaka shingo imuume.

Alipanga chumba kwa Bi Mwanaheri, mwenyeji wa Dar tangu mji haujawa mji. Bi Mwanaheri alikuwa somo, mfunda wari. Mchana kutwa alikaa kwenye mkeka ukumbini na kopo lake la shanga, akitunga za viunoni kwa mabibi harusi, akipitisha kidole juu ya kila uzi aliomaliza kutafuta iliyokaa vibaya. Watoto wake wawili walikuwa nyumbani bado. Faraji alibeba mizigo bandarini. Tunu, mdogo wake, aliuza nguo za mitumba, na alikuwa na ulimi wa kumkata mtu akatembea na jeraha wiki nzima.

Mwaka ule tumbo la Tunu likaanza kukua.

Jirani yao Salma, aliyekaanga vitumbua mlango wa pili, ndiye aliyeligundua kwanza, na akigundua Salma inatosha. "Tunu kanenepa," alisema huku anageuza kitumbua. "Lakini kanenepa mahali pamoja." Miezi ikapita na mtoto hakuzaliwa, wala tumbo halikupungua. Maneno yakabadilika. Sasa ikawa ni mimba ya jini. Revelian alipita pale kila jioni akitoka kazini, akayasikia yakichemka pamoja na mafuta, na hakujua kipi kinamkirihi zaidi, yale mafuta yaliyokwisha kuwa meusi au ile midomo.

"Usiwasikilize," alimwambia Tunu.

"Siwasikilizi mie. Wananisikilizisha." Tunu akaweka mkono ubavuni. "Kaka Revi, wewe unayekata watu. Hiki kitu ni nini?"

"Sijui. Mpaka nikione."

"Basi utakiona. Ila usije ukanitapikia."

Alipasuliwa mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, katika hospitali ndogo ya mtu binafsi. Uvimbe ulikuwa kwenye kifuko cha mayai, upande wa kushoto. Daktari aliutoa, akakiacha kifuko, akasema kama ni salama basi yamekwisha, na kama si salama itabidi warudi upesi sana. Kujua ni lipi kati ya mawili, ni kazi ya maabara. Tunu akabaki wodini, Faraji akakabidhiwa ndoo. Alikuwa ameona mlangoni kilichomo, na mtu huyu aliyebeba magunia tangu ana miaka kumi na sita alibeba ndoo ile kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha, uso ameugeuzia upande wa pili.

Barazani kwao akakutana na Revelian. Alikuwa amevaa shati jeupe, anakwenda Tabata kwenye msiba wa baba wa mfanyakazi mwenzake, na huko angelala.

"Weka chumbani kwangu," alimwambia Faraji. "Msiifungue. Msiyamwage yale maji ya dawa, hata yakinuka. Kesho mchana nitaipitia niipeleke mwenyewe."

Faraji hakuiweka chumbani kwa Revelian. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo umekwenda Tabata. Aliiweka nyuma ya mlango wa uani, akatoka kwenda kuoga, akaoga muda mrefu.

Revelian aliporudi kesho yake mchana mvua ilikuwa imetoka kunyesha kama iliyomwagwa. Nyumbani kwa Salma walikuwa wamefanya kile wanachofanya watu wengi mvua kubwa ikinyesha: wametoboa ukuta wa choo ili kitapike, mvua ichukue. Maji ya kijivu yalikuwa yanatambaa uchochoroni, yana povu, yamebeba mambo ambayo Revelian alijikaza asiyatazame na akayatazama. Watoto walikuwa wanarusha maboti ya gome la mnazi humo humo. Alipita kwa ncha za viatu, suruali ya msibani ameikunja, pua ameifunga kwa leso, akaingia nyumbani akakutana na harufu nyingine. Udi. Na juu ya chanja ya vyombo uani, kati ya masufuria, ile ndoo. Imeoshwa. Imepinduliwa inakauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mama, kilichokuwa kwenye ndoo kiko wapi?"

Bi Mwanaheri alikuwa kwenye mkeka wake. Hakuinua macho. "Kimehifadhiwa."

"Wapi?"

"Mahali panapostahili. Keti kwanza, umelowa."

Faraji, aliyekuwa kwenye kigoda akichuna ngozi ya kidole, ndiye aliyesema. "Kakizika, braza. Jana magharibi. Nyuma ya bafu."

Revelian akageuka kuitazama tena ile ndoo kwenye chanja. Aliuliza kama yale maji yalimwagwa. Yalimwagwa. Aliuliza kama kilioshwa. Kilioshwa kwa maji ya kisima, kikatiwa marashi, kikavishwa kipande cha bafta. Bi Mwanaheri aliyasema haya yote kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyotimiza wajibu.

"Mama, niliomba isifunguliwe."

"Uliomba. Na mie nilikuwa nimeshaamua kutofungua. Lakini nyumba nzima ilikuwa inaizunguka ile ndoo kama kuna mtu ndani. Nikasema nitazame mara moja." Akatunga ushanga mmoja. "Revelian, kile kitu kina nywele. Nyeusi, ndefu, zimejisokota kwenye mafuta kama za mwari aliyetoka kusukwa. Nikapapasa. Kina jino. Jino la juu."

"Wewe umejuaje ni la juu?" Faraji akauliza.

"Nimeng'oa ya wanangu wote, nisijue? La juu." Sasa aliinua macho, na Revelian akaona kwamba hakulala. "Mtoto akianza kuota meno ya juu, ni kigego, mkosi wa ukoo. Bibi yangu alituambia zamani walivifanya nini. Mie siwezi hayo. Na siwezi kukiacha ndani, kikatazamwa na Salma. Nikakisitiri. Mjukuu wangu, hata kama baba yake simjui nani."

Hapo kinyaa kilimpanda Revelian, na hakikuwa cha nywele wala jino. Vile alishaviona, si mara moja. Kilikuwa cha mtaa mzima: vitumbua, minong'ono, daktari anayekabidhi uhai wa mtu ndani ya ndoo ya mafuta, na mama huyu mwenye akili zake aliyesukumwa mpaka akautia udongoni ushahidi pekee wa kumwokoa binti yake, tena kwa marashi. Alitaka kupiga kelele. Badala yake akavua viatu, akapanda kwenye mkeka, akaketi.

"Tunahitaji kukifukua. Leo. Maji ya choo cha Salma yanakuja upande huu."

"Kaburi halifukuliwi."

"Si kaburi."

"Kina nywele na jino, halafu si kaburi? Basi ni shimo la nini, la muhogo?"

Faraji akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

Revelian akatazama kopo. "Nipe hizo shanga."

Bi Mwanaheri akamwangalia kwa pembeni. "Unajua zinavaliwa wapi hizi?"

"Najua."

"Na hizi huzionei kinyaa."

"Nipe tu, mama."

Akachukua nyuzi mbili akazilaza sambamba kwenye mkeka. Mikono yake, iliyozoea kushika vitu vyembamba, ilitunga haraka. "Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna kitu kama hiki. DNA. Nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Shanga zake ni za namna nne tu, na zina masharti. Nyeupe haikai ila mkabala na nyekundu. Ya bluu haikai ila mkabala na ya njano. Mpangilio wake ndio unaosema hili liwe jicho, hili liwe ukucha."

"Haya."

"Seli ikitaka kuwa mbili, lazima kwanza inakili uzi huu, ili kila moja iondoke na wake kamili. Inaachanisha hivi." Akazitenga nyuzi. "Kila mmoja umebaki mpweke. Lakini haujasahau mwenzake. Penye nyeupe, unaita nyekundu. Penye bluu, unaita njano. Moja baada ya nyingine, mpaka upande ulioondoka umejengwa upya." Akatunga uzi wa tatu, na wa nne, akaulaza kila mmoja ubavuni mwa mkongwe wake. "Tazama. Kamba ilikuwa moja, sasa ni mbili, zinafanana. Na kila moja ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya."

Bi Mwanaheri alikuwa ameinama. Kazi aliielewa, ilikuwa kazi yake. "Kwa hiyo wa zamani haupotei."

"Haupotei. Umegawana tu nyumba na mgeni."

"Na anayetunga akikosea?"

"Wapo wanaopita nyuma yake kukagua. Kama wewe unavyopitisha kidole. Likiwapo kosa wanaling'oa, wanarekebisha."

"Mie nikichoka linanipita."

"Na wao linawapita. Mara chache sana, lakini linapita. Likishapita, uzi wa kesho unafuata lile kosa kama ndiyo kweli, na wa keshokutwa. Yakikusanyika mengi mahali pabaya, seli inasahau kuacha. Inanakili na kugawanyika, inanakili na kugawanyika. Hiyo ndiyo saratani. Hicho ndicho tunachokitafuta kwenye kitu cha Tunu, kama kimo au hakimo."

"Jino limetoka wapi?"

"Seli ya kisigino chako ina uzi mzima, mama, hadi habari za meno zimo. Ila inazinyamazia, inasoma za kisigino tu. Kwenye kifuko cha mayai cha Tunu, seli moja ya uzazi imeanza kunakili kabla ya wakati wake, bila kuitwa na mtu. Ikasoma kila kitu ovyo. Hapa nywele, hapa mafuta, hapa jino. Mtu haikujua kumtengeneza."

Bi Mwanaheri akauliza lile ambalo lilikuwa limemkalisha macho. "Na baba yake?"

"Hana. Mtoto nusu ya nyuzi zake zimetoka kwa baba aliyemzaa. Mle hakuna mwanamume aliyeingiza uzi. Wala jini. Ni za Tunu, zimenakiliwa kutoka za Tunu. Ni Tunu mtupu."

Nje yale maji yalisikika yakigonga bati la uzio. Bi Mwanaheri aliushika uzi mmoja mkongwe na mpya wake, akauzungusha kati ya vidole.

"Tunu mtupu," alisema. Kisha rangi ikamtoka usoni. "Basi nimemzika mwanangu angali hai."

Akasimama, kopo likapinduka, shanga zikakimbia sakafuni, hakuzitazama. "Faraji. Lete jembe."

Nyuma ya bafu udongo ulikuwa uji. Maji ya Salma yalishapenya chini ya uzio na kufanya dimbwi lenye ngozi ya mafuta juu yake, na dimbwi lile lilikuwa limefika nusu ya mahali alipoonyesha Bi Mwanaheri. Faraji alipiga jembe mara mbili akarudi nyuma. Revelian akapiga magoti, suruali ya msibani na yote, akachimba kwa mikono, kwa sababu jembe lingekata. Tope lilikuwa vuguvugu, na jambo hilo ndilo lililomshinda, kwamba lilikuwa vuguvugu. Vidole vikagusa kitambaa, na chini ya kitambaa ule ulaini anaoujua. Harufu ikapanda: marashi, udi, choo, na chini yake ile ya utamu mzito ya mafuta yaliyoanza kuoza. Akageuka pembeni akatapika. Bi Mwanaheri akamshika paji la uso, kama mama anavyomshika mtoto.

"Tapika mwanangu. Choo chenyewe kinatapika, seuze wewe."

Kichwa cha Salma kikatokea juu ya uzio. "Nyie mnafukua nini hapo?"

"Kile ulichokuwa unakisema siku zote hizi," Bi Mwanaheri akamjibu. "Pita uje ukinuse."

Kichwa kikashuka.

Revelian alikifunua kitambaa. Upande mmoja, uliolala kwenye maji, ulikuwa umelegea na kugeuka rangi ya ini lililosahaulika. Lakini kilikuwa kimeshinda kwenye formalini jana yake hadi magharibi, na upande wa pili, penye jino, ulikuwa mgumu bado, mweupe, nywele zimeganda na mafuta yake. Alikitia ndooni, akakimbia nacho mjini hivyo hivyo alivyo, na watu walimpisha njia bila kuombwa.

Alichonga vipande vingi kuliko desturi. Siku vilipokuwa tayari alimpelekea Daktari Felicitas, Mpare asiyecheka ovyo, akasimama nyuma yake akisubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Daktari alipitisha kioo baada ya kioo. Upande uliooza ulikuwa ukungu wa zambarau, seli zimeyeyukiana, hazisomeki. Upande wa jino: ngozi, mafuta, mizizi ya nywele, vyote vimekomaa na kutulia. Kisha mkono wa daktari ukasimama.

"Njoo utazame hapa."

Revelian akainama. Kilikuwa kiraka kidogo kando ya mfupa wa jino. Seli changa, zimebanana, nyeusi, na kila alipotazama aliikuta nyingine imo katika kugawanyika, nyuzi zikivutwa huku na huku. Ile adabu aliyoipenda ilikuwa ileile. Hazikuonyesha ubaya wowote. Zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri sana, mahali pasipotakiwa kazi, na hazikuwa na mpango wa kuacha. Akasikia mate yanamjaa mdomoni. Kwa mara ya kwanza hadubini ilinuka.

"Hazijakomaa," daktari alisema. "Ni namna ya saratani, lakini eneo ni dogo. Arudi akapasuliwe wiki hii, kifuko cha upande ule kitoke chote, na kila miezi michache apimwe."

"Na ule upande mwingine?"

"Uliooza hausemi kitu. Kingekaa mle siku moja zaidi, na huu ungenyamaza."

Tunu alirudi chumba cha upasuaji. Kifuko cha kushoto kikatolewa, na safari hii Revelian alisimama mwenyewe mlangoni akapokea chombo. Mle hakikukutwa kitu kibaya. Alipimwa mwaka ule na mingine iliyofuata, na kila mara majibu yalikuwa yaleyale, hakuna.

Mtaani habari iliendelea kunakiliwa, na huko hapakuwa na wakaguzi. Ikasemwa Tunu kazaa kigego chenye meno kumi. Ikasemwa Mhaya kakichukua kwenda kufanyia dawa ya utajiri, na mbona bado amepanga chumba kimoja, lilikuwa swali ambalo halikumsumbua mtu. Salma aliendelea kukaanga. Revelian aliacha kupita upande ule, akazunguka njia ndefu ya Chang'ombe, kulikonuka viwanda tu.

"Wewe ndiye mwanamume pekee aliyeniona mpaka ndani," Tunu alimwambia siku moja, akimwekea chai, "na bado kikombe changu unakipangusa kabla ya kunywa."

"Si chako. Vyote napangusa."

"Najua. Ndiyo maana sikasiriki."

Aliolewa na fundi makenika wa Chang'ombe, wakahamia Boko. Miaka mitatu baadaye alikuja kumsalimu mama yake na mtoto mgongoni, msichana mnene mwenye udenda wa kulowesha kanga. Bi Mwanaheri alimpokea, akamtia kidole mdomoni, akapapasa, kisha akaita kwa nguvu hata wapangaji wengine wakatoka.

"Revelian. Njoo uone. La chini. Limeanza la chini."

Akamwinua mtoto, akamfunua mdomo kwa dole gumba. Kwenye ufizi mwekundu, ndani ya udenda, lilikuwa limechomoza, dogo, jeupe, lina makali. Koo la Revelian lilipanda lenyewe, kama ilivyokuwa nyuma ya bafu, na akajua kwamba jino la mtu, popote atakapoliona, litamfanyia hivyo mpaka kufa kwake. Tunu alikuwa anamtazama, tayari kucheka.

Akameza mate. Akatoa leso, akaikunjua upande uliokuwa safi, akampangusa mtoto udenda kidevuni polepole, na alipomaliza hakujua aiweke wapi ile leso, akaendelea kuishika.